Samaki Uliyemwachia Yuko Wapi?

Nimeitwa kuzungumzia rekodi za samaki wakubwa, na najua wengi mmekuja kwa ajili hiyo. Rekodi nitazigusa. Lakini kabla ya kilo na picha, nina swali lile lile ninalowauliza kila tukikutana: samaki uliyemwachia jana, sasa hivi yuko wapi?

"Aliogelea, nilimwona kwa macho yangu." Jibu hilo nimelisikia mpaka nimelichoka. Nami nililiamini, hadi siku ya yule nduwaro, samaki mkubwa wa mdomo mrefu, tuliyevutana naye kwa muda wa saa tatu. Mgeni wangu alitaka kumpata kwa mshipi wa kilo 10, yaani unaokatika ukivutwa kupita kilo 10, nikakubali. Samaki alipofika ubavuni mwa boti, rangi ya bahari ilikwisha kumtoka. Alikuwa kahawia, kama shaba iliyochakaa, na mistari yake ya samawati imezimika. Tukamwinua tupige picha. Ya kwanza haikutoka vizuri, tukapiga nyingine. Tulipomrudisha majini alipiga mkia mara mbili, watu wakashangilia. Mimi nilikuwa nimeinama kule tezi. Nilimwona akilala ubavu, kisha akazama mkia ukitangulia, polepole, mdomo wake mrefu ukielekea juu, hadi giza la maji likamfunika. Daftarini tuliandika: "Ameachiwa."

Jodari na nduwaro hupumua kwa kwenda. Huogelea mdomo wazi, maji yakapita kwenye matamvua. Akisimama, pumzi hana. Katika pambano misuli yake hujaa asidi. Jodari, ambaye tangu hapo mwili wake una joto kuliko maji aliyomo, huzidi kupata moto hata nyama ikaharibika. Halafu samaki huyo huyo aliyechoka unamtoa nje ya maji dakika nzima! Kimbia mpaka miguu iishe nguvu, kisha mwenzako akuzibe pua na mdomo, uje unieleze.

Mtaniambia mshipi mwembamba ndio umahiri, na kwamba IGFA, chama cha kimataifa cha uvuvi wa michezo kilichoundwa 1939, kinaweka rekodi kwa madaraja ya mshipi. Naam, kinaweka. Lakini nduwaro mweusi wa Alfred Glassell, Cabo Blanco nchini Peru, mwaka 1953, alikuwa na kilo 707, na alishindwa chini ya saa mbili. Kilo 707! Wewe na huyo wako wa kilo 80, saa tatu mnafanya nini?

Tatizo ni breki ya rili, ile inayouzuia mshipi usitoke ovyo, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Unaipima bobini, kigurudumu kinachozungushiwa mshipi, ikiwa imejaa: mshipi wa kilo 24, breki kilo 8, yaani theluthi. Umefanya sawa. Samaki anakimbia, mshipi unatoka, na duara ya mshipi iliyobaki kwenye bobini inazidi kuwa ndogo. Upana wake ukifika nusu, breki ile ile, ambayo hujaigusa hata kwa kidole, sasa inavuta kilo 16. Ongeza maji yanayokaba mamia ya mita za mshipi uliopinda huko nje. Mtu anaona bobini inakwisha, anaingiwa na hofu, anakaza. Pa! Umekatika, na samaki kaondoka na ndoana mdomoni na mshipi mrefu unaomfuata kama mkia wa pili. Mwingine huogopa kukatikiwa, akalegeza tangu mwanzo, wakashinda wanavutana hadi jua kuzama. Dawa ni nahodha kugeuza boti na kumfuata samaki. Mvuvi akusanye mshipi, bobini ijae, ndipo amkaze kwelikweli. Nusu ya pambano iko kwenye usukani, na nahodha anayelala usukanini ndiye muuaji wa kwanza wa samaki huyo.

Naona muda unanikimbia. Ndoana: ukitumia chambo asilia, weka ya mviringo. Ile ya umbo la J humezwa ikapasua tumbo. Ya mviringo huteleza na kunasa pembeni mwa taya, mradi usiikwanyue kwa pupa. Marekani, tangu 2008, mashindano ya nduwaro na sulisuli upande wa Atlantiki yanailazimisha kwa chambo asilia. Picha pigeni samaki akiwa majini. Aliyechoka, mshike mdomo kwa glovu, kichwa mbele, boti itembee polepole maji yamwingie; usimburute kinyumenyume. Mistari ikianza kuwaka tena na mkia ukikusukuma mkono, mwachie.

Rekodi, basi. Dume la nduwaro wa samawati ni nadra kufika kilo 200. Wale wa mamia ya kilo ni majike, kwa hiyo rekodi unayoiota ni mama. Mengine tutayajadili wakati mwingine. Hapo mezani kuna rili mbili na mizani. Njooni mmoja mmoja, toeni mshipi hadi bobini ibaki nusu, msome namba wenyewe.