Dubu wa Bern hatazami nje

Haya watazamaji wangu wa huko nyumbani, karibuni. Leo tunasoma bendera za majimbo ya Uswisi. Yako 26, na kila moja lina yake. Kabla ya rangi tazameni umbo: ni mraba, sawa na bendera ya taifa. Ukimpa mchapishaji vipimo vya 2 kwa 3 anavutanisha mchoro, na dubu ananenepa. Mwambieni mapema: sentimita 120 kwa 120.

Pili, mlingoti. Mchoro wa bendera husomwa mlingoti ukiwa kushoto, na mnyama huelekea huko. Chukueni Bern: uwanja mwekundu, mkanda wa njano umekatiza mshazari, na juu ya mkanda dubu mweusi anapanda kuelekea kona ya juu ya mlingoti. Mtu akitaka kuining'iniza wima ukutani, huizungusha tu ili upande wa mlingoti uwe juu. Hapo dubu analala chali, miguu hewani! Kichwa cha fahali wa Uri nacho kinalala ubavu. Bendera ya kuning'iniza hushonwa upya, mchoro ukiwa umesimama.

Dubu wa Appenzell yeye amesimama kwa miguu ya nyuma, mweusi juu ya nyeupe, ulimi na kucha nyekundu. Uume pia mwekundu, na msiufute kwa kuona haya. Mwaka 1579 mchapishaji mmoja wa St. Gallen alitoa kalenda yenye dubu huyo bila uume. Watu wa Appenzell wakaona wamechorewa dubu jike, nusura vita. Appenzell iligawanyika mwaka 1597, na sehemu yake moja, Ausserrhoden, ikaongeza herufi V na R kandokando ya dubu.

Herufi hizo ndizo zinazosumbua mafundi. Kitambaa kimoja kikichapishwa, rangi hupenya na upande wa pili unatoka kinyume. Kwa mnyama hilo ni sawa kabisa, maana bado anatazama mlingoti. Kwa maandishi ni balaa: V haidhuriki, R inageuka, na maneno "Liberté et Patrie" (Uhuru na Nchi) kwenye bendera ya jimbo la Vaud hayasomeki. Dawa ni vitambaa viwili vyenye kitambaa kizito katikati cha kuzuia mwanga. Ila bendera inakuwa nzito. Upepo mdogo hauiamshi.

Majimbo ya Obwalden na Nidwalden hutofautishwa kwa ufunguo: wa kwanza wa kawaida, wa pili una meno pande mbili. Basel ndiyo tamu zaidi. Ni majimbo mawili, la mjini na la mashambani, na bendera zote mbili zina fimbo ya askofu juu ya nyeupe. Ya mjini ni nyeusi, imeelekea mlingoti. Ya mashambani, Basel-Landschaft, ni nyekundu na imegeukia nje. Walitengana mwaka 1833 baada ya kupigana, na utani wa huku ni kwamba fimbo imewapa mgongo watu wa mjini. Kwa hiyo mkimwona mtu "amesahihisha" ile nyekundu ielekee mlingoti, ameharibu.

Fimbo hiyohiyo imo pia kwenye bendera ya Jura, jimbo changa kuliko yote, la mwaka 1979. Nusu ya pili ina mistari saba, myeupe na myekundu, kwa ajili ya wilaya saba za Jura ya kihistoria. Kati ya hizo, zilizounda jimbo zilikuwa tatu tu. Mji wa Moutier ulipiga kura mwaka 2021 kuhama kutoka Bern kwenda Jura; mistari imebaki saba.