Nani Anaipigia Simu ya Ofisi Saa Tisa Usiku?

REHEMA: Habari zenu wasikilizaji, karibuni. Mimi ni Rehema, niko na kaka Baraka. Leo tuna jambo ambalo mafundi wa simu za ofisini wanaletewa sana malalamiko yake. Simu ya mezani inayotumia intaneti inaita saa tisa usiku. Kioo kinaonyesha 100, au 1000. Mlinzi anapokea, kimya. Anakata, inaita tena.

BARAKA: Na kuna wakati kioo kinaandika kabisa “sipvicious”. Hapo ndipo watu wanaogopa.

REHEMA: Basi tuanzie hapo hapo. Ni kitu gani hicho?

BARAKA: SIPVicious ni fungu la programu ndogo za chanzo huria, unaziendesha kwa kuandika amri kwenye terminali. Zimeandikwa kwa Python. Mtaalamu wa usalama Sandro Gauci alizitoa mwaka 2007 ili wakaguzi waweze kupima mitambo ya simu za intaneti. Ya kwanza humo inaitwa svmap. Unaipa anwani za mtandao, inakwambia ni zipi zenye kifaa kinachoongea SIP.

REHEMA: Kwa wageni wetu, SIP ni itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, ya kuanzisha simu na kuikata. Toleo lake linalotegemewa hadi leo, waraka wa kanuni uitwao RFC 3261, lilitoka Juni 2002. Sauti yenyewe inasafiri kwa njia nyingine.

BARAKA: Ndivyo. Sasa, ndani ya SIP kuna ujumbe unaitwa OPTIONS. Kifaa kimoja kinakiuliza kingine: wewe unaweza kufanya nini? Ni swali halali, limo kwenye kanuni. svmap inatuma swali hilo kwa pakiti moja ya UDP, njia ya kurusha data bila kufungua muunganisho kwanza, kwenye poti 5060, mlango wa kawaida wa SIP, halafu inasubiri. Ni hodi, dada. Na vifaa vingi vinaitikia “karibu” kabla ya kuuliza nani yuko mlangoni.

REHEMA: Nikitaka kukagua mtandao wa ofisi yangu naandika nini?

BARAKA: Kama ofisi inatumia anwani za 192.168.1, unaandika svmap 192.168.1.0/24. Hiyo inagusa anwani 256 zote. Inakuletea jedwali: anwani na poti, kisha jina ambalo kifaa chenyewe kimejitaja. Utaona Asterisk, programu ya kuendesha mtambo wa simu za ofisi, na toleo lake, utaona aina ya simu iliyopo mezani kwa mhasibu. Kama fundi alihamishia SIP kwenye poti nyingine, unaongeza -p na kutaja poti unazotaka, mfano 5060-5070.

REHEMA: Kwa hiyo kuhamisha poti si kujificha.

BARAKA: Kunapunguza kelele tu. Na tahadhari upande wa pili: jedwali likiwa tupu, usishangilie. Umeuliza kwa UDP. Mtambo unaosikiliza kwa TCP, njia inayofungua muunganisho kwanza, au kwa TLS, njia iliyosimbwa, kwenye poti 5061, hautaonekana kwa swali hilo.

REHEMA: Turudi kwa mlinzi wetu. Mbona OPTIONS haiiti simu, na ile imeita?

BARAKA: Kwa sababu svmap inakuruhusu kubadili aina ya ujumbe. Ukiweka -m INVITE, unatuma ule ujumbe wa kupiga simu wenyewe, na simu iliyo wazi kwenye intaneti inaita. Programu hii kwa kawaida yake inajitambulisha kama “sipvicious”, namba 100. Ndiyo hiyo inayotokea kwenye kioo. Hakuna binadamu upande wa pili. Kuna mashine inayopita anwani moja baada ya nyingine.

REHEMA: Ujumbe wake pia unajitaja friendly-scanner. Mimi nashauri kila mtu aweke kanuni kwenye fayawoli, ule ukuta wa kuchuja mtandao: ukiona jina hilo, tupa pakiti.

BARAKA: Weka, ila usilale ukiitegemea. Jina hilo ni mstari mmoja wa msimbo. Mwizi anaubadilisha kwa sekunde chache, na ambaye hajaubadilisha ndiye mvivu kuliko wote. Mimi nawaogopa wale wasiojitaja. Mwaka 2011 mtandao wa kompyuta zilizoambukizwa kirusi cha Sality uliskani takriban anwani zote za IPv4 duniani kutafuta seva za SIP. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliliona hilo: siku 12, kutoka anwani karibu milioni 3. Mpangilio wa anwani ulivurugwa kwa makusudi, mitandao jirani isiguswe kwa mfululizo. Fayawoli ya ofisi moja iliona pakiti kidogo tu, hakuna cha kushtua.

REHEMA: Na wanachotafuta ni pesa.

BARAKA: Pesa tupu. Wakishajua mtambo upo, wanatafuta namba za ndani zilizopo. Kazi hiyo svwar inaifanya kwa kusoma tofauti za majibu: namba iliyopo inajibiwa hivi, isiyokuwepo inajibiwa vile. Kisha wanabahatisha nenosiri, na ile 200 yenye nenosiri 200 inafunguka mara moja. Usiku au wikendi mtambo wako unapiga simu za nje kwenda namba za gharama kubwa ambazo wao wanagawiwa mapato yake. Bili inakuja kwako. Kwa hoteli ndogo au kituo cha simu kinachoanza, hiyo inaweza kuifunga biashara. Linaniuma, kwa sababu tundu lenyewe lingeonekana kwa amri moja.

REHEMA: Asterisk zinazotumia chan_sip, moduli ya SIP ya zamani iliyoondolewa kwenye toleo la 21, zina mpangilio wa alwaysauthreject kwa ajili ya zile tofauti za majibu.

BARAKA: Ndiyo, namba zote zinajibiwa sawasawa. Tangu toleo la 1.8 ilikuwa inakuja imewashwa. Wenye mitambo ya zamani zaidi waiwashe leo, pamoja na allowguest=no, inayokataa simu za wasiojitambulisha.

REHEMA: Na sheria? Kijana amesikia amri, anataka kuijaribu kwa jirani.

BARAKA: Asithubutu. Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya ina yake ya 2018, na zote zinaadhibu kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa. Mtandao si wako? Pata ruhusa ya maandishi, yenye anwani na saa za ukaguzi. Na INVITE usiitumie saa za kazi, utaitisha simu za ofisi nzima.

REHEMA: Ukimaliza ndani, unakagua vipi nje?

BARAKA: Toka kwenye Wi-Fi ya ofisi, unganisha kompyuta kwa bando la simu yako, kisha elekeza svmap kwenye anwani ya nje ya ofisi. Ikijibu, fungua ruta uone nani alielekeza poti 5060 ndani. Iache wazi kwa anwani za kampuni inayokuuzia laini tu. Wafanyakazi wa nyumbani waingie kwa VPN, njia iliyosimbwa ya kuingia mtandao wa ofisi. Halafu rudia amri ile ile, na uirudie kila fundi akishagusa ruta.