Mfa Maji Asiyetapatapa

Mhadhara kwa wazazi na walezi, Kisasa, Dodoma. Umeandikwa kama ulivyotolewa.

Mbukwenyi! Naona walioitikia "mbukwa", salamu yetu ya Kigogo, ni nusu ya ukumbi. Nusu nyingine mmehamia na serikali. Basi hamjambo nyote, na shikamooni wakubwa wangu mliokaa mbele.

Mimi ni nesi mstaafu wa kliniki ya watoto. Kuogelea nilijifunza ukubwani, nina miaka 31, huko pwani, nimeshikiliwa kiuno na binti wa miaka 12 ambaye hakuacha kunicheka. Kwetu, upande wa Bahi, maji yalikuwa ya kuchota, kubeba kichwani na kupimiana. Kwamba mtu aingie ndani ya maji kwa raha zake, hilo halikutupitia akilini. Leo napita Ilazo, Iyumbu, Njedengwa, geti likiachwa wazi naona bwawa la bluu uani, na ukingoni mtoto wa mwaka na nusu kasimama na kijiko chake cha uji mkononi.

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: nimzoesheje mwanangu maji asiyaogope? Mimi naliona limekatwa katikati. Mtoto anayeogopa maji hayasogelei. Ule woga ni mlinzi wake, na ukimwondoa mlinzi lazima useme nani anashika zamu. Kwa hiyo mimi simzoeshi mtoto maji peke yake. Namzoesha maji na mtu, vyote kwa pamoja, mpaka bwawa lisilo na mtu ndani alione ni kitu cha kusubiri.

Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Waliyemwona alikuwa mtu mzima. Mtoto wa mwaka mmoja hatapatapi. Kichwa chake ni kizito kuliko mwili unavyoweza kukihimili, akiinama anatangulia nacho, na uso ukishaingia majini hana nguvu za kuuinua. Kupiga kelele hawezi, maana kelele inataka pumzi. Yote hayo huisha kimya, pengine dakika haijatimia.

Ninayasema haya kwa sababu yalinikuta. Mtoto wangu wa pili alikuwa na miezi 14. Maji ya mgao yalikuja usiku, mnajua tunavyofanya: pipa, madiaba, ndoo, hata sufuria ya ubwabwa wa sherehe, kila kitu kinajazwa. Asubuhi nimekaa uani nafua, naye anacheza na kifuniko. Nikainuka kuchukua kanga kwenye kamba. Ni hatua tisa, nilikuja kuzihesabu baadaye. Niliporudi niliona nyayo mbili zimetazama juu kutoka kwenye ndoo ya lita 20, zimetulia kabisa. Ndoo yenyewe haikuanguka, kwa kuwa nusu ilikuwa maji na ilikuwa nzito kuliko yeye. Redio ya jirani ilikuwa inasoma taarifa ya habari, na sauti ya msomaji niliisikia vizuri. Sauti ya mwanangu sikuisikia. Nilimvuta miguu, akakohoa, akatapika, akalia. Sijawahi kufurahia kilio kama kile.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 hivi walikufa maji duniani, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka mitano. Sentimita tano za maji zinatosha. Kwa hiyo kabla hujaniita nije kutazama bwawa lako, pindua ndoo tupu, funika pipa, weka kufuli kwenye mfuniko wa tangi la chini. Na lile shimo ulilotandika turubai wakati wa ujenzi, nyumba imeisha, lenyewe bado lipo: lifukie.

Haya, tuingie bwawani.

Mtoto wa chini ya miezi sita mwacheni kwenye beseni lake. Hapotezi kitu. Shingo ikishakaza, tuseme kuanzia miezi sita, anaweza kuingia bwawani kwa mchezo, mikononi mwako. Huo ni mchezo tu. Madaktari wa watoto wa Marekani wanasema mafunzo ya kuogelea yaanze kwenye mwaka mmoja na kuendelea, kwa kuwa chini ya hapo hakuna ushahidi kwamba yanamkinga mtoto na kufa maji. Na hata huyo wa miaka mitatu aliyefundishwa, msiseme "anajua". Hajui.

Maji ya bwawa kwa mtoto mdogo yanatakiwa kuwa kwenye nyuzi 32 hivi. Mgeni akisikia Dodoma anafikiri jua, anasahau usiku wetu. Juni na Julai alfajiri tunashuka hadi nyuzi 13 au 14, na bwawa linalolala wazi linaamka limepoa kabisa. Ongeza na upepo wetu. Mimi naanza na watoto Oktoba au Novemba, saa tisa au saa kumi alasiri, maji yameshapigwa na jua siku nzima na ukuta umeanza kutupa kivuli. Kama hamna kipimajoto tumbukizeni kiwiko, kama mnavyopima maji ya kumwogesha. Dakika kumi zinatosha siku ya kwanza. Midomo ikibadilika rangi au kidevu kikianza kutetemeka, mtoeni hata kama anacheka.

Wiki moja kabla ya bwawa tunafanya kazi bafuni, na kifaa chetu ni kikombe cha plastiki. Unasema "moja, mbili, tatu", unamwagia begani. Kesho unamwagia shingoni. Keshokutwa kisogoni, yateremke masikioni. Maneno ni yaleyale, sauti ni ileile. Siku ya tatu au ya nne utamwona, ukifika "mbili" anafumba macho na kubana midomo mwenyewe. Hapo ameshaelewa kwamba maji huja na taarifa. Siku ya bwawa unakaa naye ukingoni, miguu imeingia, mnasubiri. Mwingine aingie kwanza, anyooshe mikono, aseme "njoo". Mtoto haingii mpaka aitwe. Hata akiwa na miezi minane, hata kama haelewi neno, fanyeni hivyo kila siku, maana siku atakayotembea mguu wake utakuwa umezoea kusimama pale. Ndani mshike kwa makwapa, mtazamane, mabega yake yawe majini asipigwe na upepo, kisha rudi nyuma taratibu ajisikie anasogea.

Kumzamisha hapana. Kuna video za watu wanatupa watoto wachanga majini, eti wanaogelea kwa asili. Kichanga anabana koo maji yakimgusa, ni kweli, lakini huo ni mshtuko wa mwili, unapotea kadiri anavyokua, na haumzuii kumeza maji. Akimeza mengi, chumvi ya damu inashuka, mtoto analegea na anaweza hata kupata degedege.

Maboya ya mikononi na yale ya kuvaa kiunoni ni midoli, yahesabuni pamoja na mipira. Boya la shingoni msinunue kabisa. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo juu yake, baada ya mtoto mmoja kufariki na mwingine kuumia.

Sasa zamu. Mtoto akiwa majini, mkubwa awe umbali wa mkono kumfikia. Mkono wa kweli, simaanishi macho. Na zamu ipokewe kwa mdomo: "Mtoto ni wako." "Wangu." Siku za kipaimara au maulidi, watu 40 wamejaa uani, ndizo ninazoziogopa kuliko zote, kwa kuwa kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia. Anayeshika zamu simu yake aishike mtu mwingine. Dada wa kazi naye msimwachie bwawa na sufuria ya maharage kwa pamoja, mkaja kumlaumu yeye.

Baba mmoja aliniambia, "Mimi nina fensi." Ndiyo, na ina seng'enge juu! Hiyo inamzuia mwizi. Mtoto yuko ndani pamoja na bwawa. Uzio ninaousema ni wa bwawa lenyewe, pande zote nne, mita 1.2 kwenda juu, lango linajifunga lenyewe na kitasa mtoto hakifikii. Ukuta wa nyumba wenye mlango wa jikoni hauhesabiwi kuwa upande wa nne.

Kuhusu usafi nitapita haraka. Bwawa la mita 8 kwa 4, kina 1.2, linakula lita 38,400, karibu maboza manne ya lita 10,000. Najua kwa nini hamtaki kulimwaga. Basi litibuni: klorini isipungue miligramu 1 kwa lita, na mpime. Mtoto aliyeharisha asiingie, kuna vijidudu vya kuhara vinavyokaa ndani ya klorini zaidi ya siku saba. Lile bwawa la plastiki la kujaza upepo linachukua ndoo 17 au 18. Hilo mwageni kila siku, na msilie, mizabibu ipo, maua yapo, choo kipo.

Nimeona mkono. Bibi, uliza.

[Bibi anauliza kama ni kweli mtoto aliyezama abebwe kichwa chini, maji yatoke.]

Ahsante bibi, nilikuwa nalingoja hilo. Hapana. Wala tusimkandamize tumbo. Yanayotoka ni maji ya tumboni, tena yanaweza kuingia mapafuni, na huku muda unakwenda. Kinachomwua ni kukosa hewa, kwa hiyo tunampa hewa. Mlaze chali mahali pagumu. Hapumui? Inua kidevu kidogo, funika mdomo na pua yake kwa mdomo wako, mpe pumzi tano ndogo, kifua kiinuke. Akibaki vilevile, kumbatia mbavu kwa mikono miwili, vidole gumba katikati ya kifua, bonyeza mara 30 haraka haraka, kifua kishuke theluthi moja, kisha pumzi mbili, kisha 30 tena. Akiwa amepita mwaka, tumia kitako cha kiganja kimoja. Mwingine apige 114, Zimamoto na Uokoaji, au awashe gari. Hata akizinduka mwenyewe, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Mwanasesere yuko pale mezani. Bibi, njoo uanze wewe.