"Kioo Kimekufa": Kilichokufa Hasa ni Nini?

Shikamooni wakubwa zangu. Wa rika langu, habari za mchana. Nimeombwa nizungumzie skrini za vishikwambi, na najua kwa nini. Vile vya Sensa ya Agosti 2022 viliwafikia walimu vikiwa vimeshazunguka na makarani nyumba kwa nyumba, juani na vumbini. Leo vina umri. Vingine vimeanguka mezani, vingine vimelaliwa na rundo la madaftari mkobani.

Mwalimu akifika kwa fundi husema, "Kioo kimekufa." Fundi mwenye haraka anamtajia bei ya kioo kipya, mazungumzo yameisha. Mimi nataka uulize: kimekufa nini? Kinachoitwa kioo kina kazi tatu. Kuna sehemu inayochora picha, kuna taa inayoiangaza kwa nyuma, na kuna tachi inayosikia kidole. Moja inaweza kufa, mbili zikabaki nzima.

Tuanze na skrini nyeusi. Usikate tamaa mapema. Betri iliyokauka kabisa inaweza kukaa kwenye chaja nusu saa bila kuonyesha hata alama, kwa hiyo kiache kwanza, tena kwa chaja na waya unaojua vinafanya kazi. Kisha shikilia kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti, uhesabu taratibu hadi ishirini. Vishikwambi vingi vya Android vitajiwasha upya hapo. Kwa iPad isiyo na kitufe cha mbele, bonyeza na kuachia kitufe cha sauti kilicho karibu na cha kuwashia, halafu kile cha mbali, kisha shikilia cha kuwashia mpaka uone nembo ya tofaa.

Bado nyeusi, lakini ujumbe ukiingia unasikia mlio? Ingia chumba chenye giza, washa tochi ya simu, imulike skrini kwa ubavu, karibu kabisa. Ukiona saa au aikoni kwa mbali, kama kivuli, picha ipo. Taa ya nyuma ndiyo imezimika. Mara nyingine tatizo ni sakiti ya taa tu, au mkanda, ule waya bapa unaounganisha skrini na bodi ya ndani yenye sakiti, uliolegea baada ya kuanguka, na kioo ni kizima. Mwambie fundi hivyo kabla hajataja bei. (Skrini za OLED hazina taa ya nyuma, kila nukta hujiwakia yenyewe, kwa hiyo kipimo hiki hakizihusu.)

Sasa mistari, madoa na rangi za ajabu. Hapa kuna kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na hakigharimu kitu. Piga picha ya skrini, yaani kitufe cha kuwashia na cha kupunguza sauti kwa pamoja, kisha uachie. Itume WhatsApp, uifungue kwenye simu nyingine. Kama mistari haionekani kule, kishikwambi kimechora picha safi, na kasoro iko kwenye skrini au mkanda wake. Hata ukiflashi, yaani kuweka upya programu ya kishikwambi, mara kumi hakitapona. Kama mistari imehamia kwenye simu, tatizo liko ndani zaidi, kwenye programu au bodi, na kioo kipya kitakuja na mistari ileile. Kuna watu wamelipia vioo viwili kwa kukosa kujua hili.

Rangi ya njano jioni si ugonjwa. Ni ile hali ya kupunguza mwanga wa buluu. Izime kwenye mipangilio.

Kuna mwalimu ameuliza hapa mbele: chake kinajibonyeza chenyewe. Chomoa chaja, mwalimu. Kikitulia, mkosaji ni chaja. Hizi za bei rahisi hupitisha umeme mchafu unaoichanganya tachi. Kisipotulia, bandua protekta, futa skrini kwa kitambaa kikavu, kisha kiwashe katika hali salama, ambayo huzima programu ulizojiongezea. Kikiwa sawa huko, ondoa programu ulizoweka karibuni, moja moja.

Jambo moja sitanii nalo. Ukiona skrini imeinuka pembeni, au kuna doa jeupe linalokua katikati, huenda betri imevimba na inakisukuma kioo. Usikibonyeze kirudi. Usikichaji. Kizime, kiweke mbali na kabati la mitihani na chochote kinachoshika moto, umpelekee fundi. Betri ya namna hiyo ikitobolewa huwaka.

Kilicholowa maji? Kizime, usijaribu kukiwasha "kuona kama kinafanya kazi". Wala usikizike kwenye mchele ukidhani utakikausha. Mchele pikeni, hauvuti maji yaliyo chini ya bodi. Kifunguliwe na kusafishwa mapema, hasa kwetu huku pwani ambako chumvi haingoji wiki.

La mwisho, kwa ambao tachi imekufa lakini picha ipo, na alama za wanafunzi zimo humo. Nunua kile kiunganishi kidogo cha OTG, chomeka mausi ya kompyuta. Kwenye vishikwambi vingi vya Android kishale kitatokea, utaingia na kuhamisha mafaili yako kabla fundi hajagusa chochote.

Haya, nani amekuja na kinachosumbua? Kileteni hapa mezani, na mtu azime hizo taa.