Kuku wa Namawojjolo na birika la kahawa

ZUBEDA: Jumanne nilikuwa Kampala kwenye mkutano wa mtandao wa vyama vya ushirika vya kahawa. Ulipokwisha tukapanda basi moja, sisi wa mlima Elgon na wenzetu wa Kasese, kule magharibi, tukaja nao mpaka Mbale wakaone mitambo yetu.

WAFULA: Na leo kwenye kipindi kuna masomo matatu kutoka mkutanoni. Nayaona hapo kwenye daftari lako, umeyapigia mstari.

ZUBEDA: Yapo. Ila ngoja kwanza nikueleze kilichotokea Namawojjolo, lile soko la barabarani njia ya Jinja.

WAFULA: Kuku!

ZUBEDA: Kuku na gonja, ndizi za kuchoma. Basi halijasimama vizuri, wachuuzi wameshajaa madirishani. Sasa sikia. Ukumbini tulikaa kutwa nzima na projekta, watu wakiulizwa kama wana maswali, kimya. Pale barabarani, mama mmoja wa Kasese, paja la kuku mkononi, ananiuliza: "Usiku, umeme umekatika, unajuaje kahawa imechacha vya kutosha?"

WAFULA: Hilo ndilo swali lenyewe.

ZUBEDA: Ndilo! Kwao wengi wamezoea kuanika buni nzima na ganda lake, ile drugar. Kumenya, kuchachusha ili utelezi utoke, na kuosha wameanza baadaye, na karatasi tuliyogawiwa imetaja saa za kuchachusha tu. Saa zinadanganya, Wafula. Kule juu Kapchorwa kuna baridi, kahawa inachacha polepole. Ukishuka chini kwenye joto inawahi, na ukichelewa imeshaharibika, mnunuzi ataionja uchachu kwenye kikombe. Kwa hiyo unaingiza mkono birikani, lile tangi la kuchachushia, unasugua punje. Zikiteleza, bado. Zikikwaruza kama changarawe, fungulia maji uoshe. Wengine wanachomeka kijiti kwenye rundo, wakikichomoa na tundu likabaki wazi, tayari.

WAFULA: Na hayo yote mmefundishana mkila kuku.

ZUBEDA: Mkono wangu umeshika mkono wake, tunasugua karanga viganjani ili aelewe ninachosema.

WAFULA: Basi bajeti ya mtandao mwaka ujao iwe na fungu la kuku. Ila waambie wafadhili, kuku hao wawe wa Lukaya, kule njia ya Masaka.

ZUBEDA: Lukaya ni nyama choma, kaka. Hata wale wa Kasese walilisema hilo, maana wao ndiyo njia yao, walipita hapo wakija. Basi zima likagawanyika, huku Lukaya, huku Namawojjolo, mpaka Jinja.

WAFULA: Mimi niko upande wa Kasese.

ZUBEDA: Najua. Lakini ni katika ubishi huohuo wa nyama ndipo mzee mmoja wa kwao akaanza kueleza wanavyolipana. Mkulima anapewa pesa ya kwanza akileta kahawa. Ikishauzwa, anapata malipo ya pili, na hesabu inasomwa kwa sauti mbele ya wanachama: tumeuza kwa bei hii, usafiri umekula hiki, mashine imekula hiki. Vyama vingapi huku kwetu hesabu hiyo anaijua meneja peke yake? Watu wa Elgon walinyamaza, kisha maswali yakamiminika. Hakuna aliyesema "asante kwa wasilisho zuri."

WAFULA: Hapo nakubaliana nawe kabisa. Shida yangu inaanza mnapotaka kumfungulia kila mtu mlango.

ZUBEDA: Kila mtu yupi?

WAFULA: Kasese yuko mbali, hanunui kahawa ya mlima wetu. Lakini mtandao huo unaye pia yule wa ng'ambo ya kijito, anayenunua buni kwa wakulima walewale. Ukimfundisha kuosha vizuri, mwakani anaongeza shilingi mia juu ya bei yako, wanachama wanahama. Tumeyaona. Biashara ya kahawa ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanunuzi waliingia vijijini na pesa taslimu. Mkulima ana deni la ushirika, kahawa anampelekea mwenye noti mkononi. Muulize mzee yeyote aliyekuwa akiuza kupitia Bugisu Cooperative Union, chama cha tangu 1954, atakueleza walivyoyumba.

ZUBEDA: Waliyumba kwa sababu jirani alijua kuosha kahawa?

WAFULA: Waliyumba kwa sababu jirani alikuwa na pesa. Sasa wewe unamwongezea na ujuzi.

ZUBEDA: Jirani akiharibu kahawa, jina linaloharibika ni la mlima mzima. Mnunuzi wa Ulaya hasemi "kijiji fulani," anasema Bugisu, eneo letu zima.

WAFULA: Mnunuzi makini anaonja mzigo kwa mzigo. Anajua wangu na wa jirani.

ZUBEDA: Fikiria ule ugonjwa wa kunyauka kwa kahawa. Ulionekana Bundibugyo, mpakani na Kongo, mwaka 1993, na Kongo walikuwa wameshaujua kabla yetu. Mpaka ule watu wanavuka kila siku, wanaongea Kiswahili hikihiki. Mradi wa kikanda wa kuwaunganisha watafiti wa Uganda, Kongo, Tanzania na Ethiopia ulikuja miaka ya 2000, kahawa nyingi ya aina ya robusta imeshakauka. Mpaka kituo cha utafiti cha Kituza wakatoa miche ya KR, robusta inayostahimili ugonjwa huo.

WAFULA: Ugonjwa ni adui wa wote, dada. Huo nitamwambia hata mshindani wangu usiku wa manane. Birika ni ugali wangu.

ZUBEDA: Na miche ya KR je? Anayejua kuotesha vipandikizi vyake naye afiche, kwa kuwa kitalu ni ugali wake?

WAFULA: Auze miche. Kufundisha ni hiari yake.

ZUBEDA: Hapana, Wafula. Hilo silikubali.

WAFULA: Usilikubali. Sijakuomba.

ZUBEDA: Naona naonyeshwa vidole, zimebaki dakika mbili za kipindi. Masomo matatu...

WAFULA: Hayaingii.

ZUBEDA: Hayaingii, yaache. Wenye vitalu vya KR, Masaka, Mukono, popote mlipo, tutumieni ujumbe wa sauti: jirani akija kuuliza namna ya kuotesha, mnamwonyesha au mnamuuzia mche tu? Semeni na sababu.

WAFULA: Na mtaje Lukaya au Namawojjolo.