Lindi mjini analala nani?

SOMOE: Assalamu alaykum, hamjambo wasikilizaji. Leo hatuna mgeni, tuko wawili tu, mimi na kaka Issa. Na nimekuja na jambo moyoni. Juzi baada ya isha nilitoka sokoni nikashuka kwa miguu mpaka baharini. Kaka, njia nzima nilikuwa nahesabu taa.

ISSA: Za barabarani?

SOMOE: Za ghorofani. Zile nyumba za zamani zenye roshani za mbao, chini duka, juu makazi. Mtaa mzima nimekuta madirisha mawili yanawaka. Na ilikuwa bado hata saa tatu haijafika.

ISSA: Inauma, dada. Mimi nimekulia Ndoro. Tulipokuwa watoto, ukitumwa mafuta ya taa usiku, shikamoo zinakuishia mdomoni. Wazee wako barazani wanacheza bao, mama mmoja yuko juu anaanua nguo anakuuliza unakwenda wapi saa hizi. Huogopi kitu, maana kila dirisha lina mtu.

SOMOE: Ndiyo hoja yangu ya leo. Tukikaa kuzungumzia kuufufua mji, watu wanakimbilia bustani, taa za rangi, sanamu. Mimi nasema kwanza watu walale mjini. Mengine yatafuata.

ISSA: Lakini tuanze na kilichowaondoa, kwa sababu vijana wengi wanadhani Lindi ilikuwa hivi siku zote. Lindi ndiyo ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini. Waingereza walipoanza ule mpango wa karanga mwaka 1947, wakaona wanataka bandari yenye kina, wakaijenga Mtwara. Aprili 1952 tukapigwa na kimbunga, na miaka hiyohiyo makao ya jimbo yakahamia Mtwara. Ofisi zikaondoka na watu wake.

SOMOE: Halafu ikaja 1971.

ISSA: Ikaja 1971, sheria ya kutaifisha majengo. Nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja zikachukuliwa na serikali, zikawa chini ya Msajili wa Majumba. Ndiyo maana mpaka leo mzee anakwambia "ile nyumba ya msajili", ingawa Msajili aliunganishwa na Shirika la Nyumba mwaka 1990. Familia nyingi za Kihindi zilizokuwa zikiuza chini na kulala juu zikahama. Duka likabaki duka. Kule juu pakawa stoo ya magunia, au pakafungwa kabisa.

SOMOE: Mimi mwezi uliopita niliingia moja ya nyumba hizo, mwenye duka alinikaribisha. Ngazi ni ya mbao, nyembamba, unapanda umeshika ukuta. Kule juu kuna ukumbi mrefu, milango yote imepangwa sambamba, wa mbele unatazama barabara, wa nyuma unatazama ua. Nilipofungua ule wa mbele upepo wa bahari ukapita moja kwa moja mpaka nyuma. Saa nane mchana, kaka! Na chini watu walikuwa wanajipepea kwa vipande vya boksi.

ISSA: Waliojenga walijua hali ya hewa ya hapa.

SOMOE: Walijua. Sasa sakafu kwenye kona imeoza, bati limetoboka mahali pamoja tu, lakini tundu hilo moja ndilo limekula mbao zote za upande ule. Maji ya bomba hayapandi, choo ni kimoja huko uani. Nikamuuliza, mbona huitengenezi upangishe? Akasema nyumba ni ya mirathi, warithi ni wengi, wengine wako Dar, wengine Tanga, na hakuna anayetaka kutoa hela ya bati kwa nyumba ambayo hajui fungu lake ni lipi.

ISSA: Hapo ndipo pana fundo. Na sheria ipo! Tangu 2008 kuna sheria ya umiliki wa sehemu za majengo. Mtu anaweza kuwa na hati ya ghorofa ya juu, mwingine ya duka la chini. Warithi wangeweza kugawana kwa hati badala ya kugawana kwa ugomvi.

SOMOE: Na kama hawawezi leo, waanze na lile jambo tunalolijua sote: mpangaji anatengeneza, gharama inakatwa kwenye kodi. Iandikwe tu, isiwe ya mdomo. Muuguzi wa hospitali ya Sokoine anamaliza zamu usiku, analipa bodaboda kwenda mbali, wakati vyumba vitupu viko hapahapa mjini. Viwanja vipya tunapima Mitwero na Ngongo, tunapeleka nguzo, tunapeleka bomba, tunachonga barabara. Hapa vyote vipo tayari.

ISSA: Sasa burudani. Nakubaliana nawe kuhusu kulala, ila kijana wa miaka 22 ukimpa chumba na usiku hana pa kwenda, atahama.

SOMOE: Atakwenda baharini. Tazama Forodhani ya Unguja, ilivyokarabatiwa ikafunguliwa tena 2009. Wenyeji wanajaa jioni, siyo wageni tu. Sisi pweza tunaye, mihogo tunayo, korosho ndiyo kwao. Tunachokosa ni taa, maji ya kunawia, choo safi na mahali mama lishe hafukuzwi.

ISSA: Mimi ndoto yangu ni mjusi. Tendaguru iko mkoani kwetu. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria pale, na wapagazi wetu wakaibeba kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa, mpaka bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200. Leo yule mjusi mrefu amesimama Berlin, na mtoto wa Rahaleo hana hata chumba kimoja cha kwenda kuona picha yake. Tuchukue jengo moja la zamani pale chini, tueleze habari za wale wapagazi. Mtu akitoka hapo, akale pweza.

SOMOE: Hilo wallahi nalitaka. Na barabara ya kutoka hapo mpaka baharini ifungwe magari jioni.

ISSA: Wenye maduka watapiga kelele.

SOMOE: Walipiga kelele hata Curitiba, kule Brazili. Mwaka 1972 meya wao, Jaime Lerner, aliigeuza barabara kuu ya maduka kuwa ya waenda kwa miguu. Alianza Ijumaa jioni, Jumatatu kazi imekwisha. Madereva walipopanga kuirudia kwa nguvu wakakuta watoto wamekaa chini barabarani wanachora picha. Baadaye wenye maduka wenyewe wakaomba iongezwe urefu.

ISSA: Lindi ni rahisi zaidi, mji wenyewe unaumaliza kwa miguu. Mitaro ifunikwe tu, mzee asivunjike mguu, na ipandwe miti ya kivuli. Ila dada, ninaogopa kitu. Mahali pakipendeza, kodi inapanda. Anayeuza mitumba barazani leo ndiye atakayefukuzwa kwanza. Na sisi Lindi ndiko kwa Wamachinga wenyewe, jina hilo nchi nzima imelichukua kwetu. Itakuwa aibu kubwa machinga akose nafasi hapa.

SOMOE: Nakuelewa. Ndiyo maana sitaki ianze na mwekezaji mmoja wa hoteli. Ianze na nyumba tano, vyumba vya kodi ya mshahara wa mwalimu, na barazani wabaki walewale waliopo, wapimiwe nafasi zao kwa chaki kabla fundi hajaleta mchanga.

ISSA: Wewe ungehamia?

SOMOE: Kile chumba cha upepo? Kesho. Bomba lipande tu juu.

ISSA: Basi mpigie yule mwenye duka, mwambie Jumamosi asubuhi tunakuja na fundi bomba. Ninaye mmoja wa Mikumbi, tutampeleka akapime.