Jinsi ya Kurusha Shughuli Moja kwa Wageni wa Ukumbini na wa Mtandaoni, Kutoka Lamu

Salaam aleikum, karibuni. Leo niko uani mwa Ngome ya Lamu, mafundi wanafunga taa za usiku wa mashairi. Viti ndivyo hivi mnavyoviona, lakini kuna wageni ambao hawatavikalia: wako Muscat, London, Toronto. Nao wamealikwa, kwa hivyo wana haki ya mgeni kama hawa wa hapa. Nikujibu mapema swali linaloulizwa sana, la kamera gani itumike: kamera nzuri ni jambo la mwisho. Picha yenye ukungu mtu huivumilia, sauti mbovu humfukuza.

Tuanze na saa. Sisi tunaanza saa mbili na nusu usiku, baada ya sala ya isha, adhana isije ikamkata mshairi katikati. Muscat itakuwa saa tatu na nusu. London ni jioni, lakini angalia msimu, kwa sababu wenzetu wale hubadilisha saa zao. Toronto ni adhuhuri, watu wako kazini, ndiyo maana tumechagua Jumamosi. Kwenye tangazo andika 20:30, saa za Lamu.

Sasa intaneti. Ngome hii ilikamilika 1821, na kuta zake za matumbawe na chokaa ni nene kwelikweli. Ukiweka ruta kwenye chumba cha chini, mawimbi hayaingii. Ipandishe juu, penye uwazi. Halafu pima kasi ya kupakia, si ya kupakua, na uipime usiku, saa ile ile ya shughuli. Mchana kila kitu huonekana kizuri. Mimi narusha kwa ubora wa picha wa 720p, ambao kwenye OBS, programu ya kurushia matangazo, nauwekea kilobiti 2500 kwa sekunde. Kipimo kikisoma megabiti 5 nafanya kazi kwa utulivu; kikisoma 3 napunguza ubora mapema. Kwa hesabu hiyo, saa moja hula takriban gigabaiti 1.2 za bando. Weka laini mbili za kampuni tofauti, maana uwanja ukijaa simu zote zitagombania mnara mmoja. Na kama chaneli yako ya YouTube haijawahi kurusha mubashara, omba ruhusa leo. Kuifungua huweza kuchukua hadi saa 24.

Haya, sauti. Hapa sogea karibu uone.

Hii ni mikisa ya ukumbini, mashine inayochanganya sauti za maiki zote. Watu wengi huweka simu mbele ya spika wakaita hayo matangazo. Usifanye hivyo. Upande huu kuna tundu limeandikwa AUX. Chomeka waya hapa, upeleke kwenye kadi ya sauti ya USB, kisha kwenye laptopu. Kila maiki ina kitufe chake cha AUX. Hicho ndicho kinachoamua mtu wa mbali anasikia kiasi gani. Mwambie fundi akiweke kwenye hali ya "pre", ili akipunguza spika za hapa, London wasipoteze mshairi. Kwenye OBS, mtu akisema kwa nguvu, mstari wa sauti uguse manjano, usifike kwenye nyekundu.

Lakini sauti ya mikisa peke yake ni kavu. Shairi limeisha, ukumbi umelipuka kwa vigelegele, na mtu wa mbali hasikii kitu, adhani hakuna aliyelipenda. Kwa hiyo naning'iniza maiki moja kuelekea kwa watu, naiingiza kwenye matangazo tu, spika za hapa haziguswi. Ivishe sponji, upepo wa hapa hauna simile. Punda akilia nje, mwache, huyo ni mwenyeji.

Kisha piga makofi mara moja mbele ya kamera, urekodi, utazame. Mara nyingi sauti hutangulia picha. Ndani ya mipangilio ya sauti ya OBS kuna sehemu ya kuichelewesha kwa milisekunde. Ongeza kidogo kidogo mpaka vikutane.

Tuna mshairi mmoja atakayesoma kwa Zoom kutoka Muscat. Ukimrudishia sauti ya ukumbi wote, atajisikia mwenyewe kwa kuchelewa, na ulimi utamkwama. Tumia AUX ya pili: mpelekee maiki zote isipokuwa sauti yake. Na kama hapa kuna udi au ngoma anayopaswa kuisikia, washa sauti asilia kwenye Zoom, la sivyo programu itadhani ngoma ni kelele na kuifuta.

Sasa weka mtu wa kuwahudumia wa mtandaoni tu. Si fundi, fundi ana mikono miwili. Huyu awasalimu kwa majina, asome maoni yao, ampelekee mshereheshaji swali kwenye karatasi. Matangazo ya YouTube huchelewa sekunde kadhaa, wakati mwingine zaidi ya kumi, kwa hivyo mshereheshaji asiulize swali kisha akasimama akingoja chati. Aulize, aingize shairi moja, ndipo arudi na majibu.

Kwa upande wa stima, laptopu na ruta ziwe kwenye betri tangu mwanzo. Jenereta huchukua muda kuwaka, na katika muda huo matangazo yameshakatika.

Mkiniita kwenye harusi, nitarusha nikaha mkitaka. Usiku wa kupamba siurushi, hata kwa linki ya siri. Linki husambaa, na kina mama wamevaa wakijua wako wao kwa wao.

Mwisho wa shughuli usizime ghafla. Acha bango la shukrani dakika mbili, watu waagane kwenye chati. Rekodi ile OBS iliyohifadhi kwenye laptopu ndiyo ya kuhariri, kwa sababu haina mikato ya mtandao. Halafu pangusa kila tundu na kila waya kwa kitambaa kikavu kabla hujapakia kwenye mkokoteni; chumvi ya hewa hii hula plagi kimya kimya.